Moyo Unapokataa Njiani: Mkimbiaji na Mawazo Yanayomvunja Nguvu

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu anapoelekezwa kuanza mazoezi, mara nyingi hutoka kliniki akiwa amekubali. Miguu yake ni mizima na sababu ameielewa. Akirudi baada ya mwezi na kuulizwa maendeleo, mhudumu wa afya husikia jibu ambalo si geni: “Nilianza vizuri, lakini siku ya tatu moyo ukakataa.”

Jibu hilo ni fupi, nalo limebeba mambo mawili. Katika Kiswahili, moyo ni kiungo kinachosukuma damu, na papo hapo ni makao ya nia, ujasiri na hamu. Mtu huvunjika moyo, hutiwa moyo, hupiga moyo konde. Kwa hiyo anayesema moyo umekataa huenda anaeleza mapigo yasiyo ya kawaida au maumivu ya kifua, na huenda anaeleza kwamba alikata tamaa. Hali hizi mbili huhitaji huduma tofauti. Zikichanganywa, mwenye ugonjwa wa moyo ataambiwa ajikaze, na aliyekata tamaa ataambiwa apumzike, mapumziko ambayo hugeuka kuwa mwisho wa mazoezi.

Makala haya yanaeleza mawazo yanayomvunja nguvu mtu anayekimbia: yanatoka wapi, kwa nini kuyafukuza hakusaidii, namna ya kuyajibu, na jinsi ya kutambua wakati ambapo wazo linalosema “simama” linasema kweli.

Njia ya Usoke

Usoke ni mji mdogo katika Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora, kando ya reli itokayo Tabora kwenda Kigoma. Anayekimbia huko alfajiri hupita kwenye njia za mchanga, kati ya mashamba na mabaki ya miti ya miombo, akipishana na baiskeli zilizosheheni mizigo. Wakati wa kiangazi vumbi hukausha koo. Mwezi Septemba na Oktoba jua huwa kali mapema, na mvua zikianza mchanga hugeuka tope. Mambo hayo yote huonekana kwa macho. Yasiyoonekana ni maneno ambayo mkimbiaji hujiambia anapofika katikati ya njia: “Siwezi. Nimezeeka. Watu wananitazama. Kwani nani alinituma?”

Ardhi hii inafahamu safari ndefu za miguu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, bidhaa zilizotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu zilizoelekea pwani, zilipita Unyamwezi zikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Wanyamwezi walisifika katika kazi hiyo, na wengi waliifanya kwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia au kuzidi kilo 30. Mwingereza Richard Burton, aliyetoka pwani mwezi Juni 1857 pamoja na msafara wake, alifika Kaze, eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, ikiwa ni siku ya 134.

Isidhaniwe kwamba safari hizo zilikuwa tamasha. Njaa, ndui, vidonda vya miguu na vita viliua watu wengi njiani. Hata hivyo, misafara ilikuwa na utaratibu wa kuitunza nia ya mtembeaji. Mbele alitangulia kirangozi, aliyeijua njia na kuongoza mwendo. Ngoma ilitoa ishara. Nyimbo za kupokezana zilimfanya aliyechoka asibaki peke yake na uchovu wake. Njia nzima iligawanywa katika vituo, kila siku na kambi yake, hivyo mpagazi hakuhitaji kubeba kichwani umbali wote hadi Bagamoyo. Utafiti wa saikolojia ya michezo wa miongo ya karibuni, uliofanywa maabara kwa baiskeli na vipimo vya mapigo ya moyo, umefika kwenye mambo yanayofanana sana na hayo.

Wazo linatoka wapi

Mtu anapoanza kukimbia, misuli huhitaji oksijeni zaidi papo hapo, lakini moyo na mapafu huchukua dakika kadhaa kuifikia kasi inayotakiwa. Katika pengo hilo misuli hutumia njia za dharura za kuzalisha nishati bila oksijeni ya kutosha. Pumzi hupanda, miguu huwa mizito na kifua hubana kidogo. Anayeanza kwa kasi hulipanua pengo hilo, na anayeanza kwa mwendo wa taratibu hulipunguza. Ndiyo sababu dakika kumi za mwanzo huwa ngumu kuliko dakika kumi zinazofuata, na ndiyo sababu watu wengi huacha kabla mwili haujapata nafasi ya kutulia.

Ubongo hukusanya taarifa hizo na kuzifanya hisia moja: hisia ya jitihada, yaani jinsi kazi inavyoonekana kuwa nzito. Hisia hiyo ni ya kweli. Tatizo huanza hatua inayofuata, ubongo unapoitafutia maelezo. Maelezo huchotwa katika mambo yaliyohifadhiwa zamani: mwalimu aliyemdhihaki mtoto mnene siku ya michezo, jirani aliyesema mazoezi ni ya wasio na kazi, au siku ambayo mgonjwa aliambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana kisukari. Hivyo taarifa ya “pumzi imepanda” hugeuka kuwa hukumu ya “mimi ni dhaifu”.

Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck wa Marekani, katika miaka ya 1960, aliyaelezea mawazo ya namna hii kuwa ni mawazo yanayojitokeza yenyewe: huja upesi, huja kwa maneno machache, na mwenye nayo huyapokea kama ukweli bila kuyachunguza. Msingi wa tiba aliyoianzisha ni kumfundisha mtu kulitenga tukio na tafsiri yake. Kwa mkimbiaji, tukio ni pumzi kupanda. Tafsiri ni “siwezi”.

Hisia ya jitihada haitegemei miguu pekee. Mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake katika Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walichapisha utafiti wa watu 16. Kila mmoja aliendesha baiskeli ya mazoezi hadi kushindwa, siku moja baada ya kufanya kazi ngumu ya akili kwa dakika 90 mbele ya kompyuta, na siku nyingine baada ya kutazama filamu kwa muda huohuo. Akili ikiwa imechoka, waliendesha kwa wastani wa sekunde 640. Ikiwa haijachoka, sekunde 754. Utendaji wa moyo na mapafu haukueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kazi ileile ilionekana nzito zaidi tangu mwanzo.

Matokeo hayo yanamhusu mhudumu wa afya mwenyewe. Muuguzi anayekimbia baada ya zamu ya usiku, au mganga aliyetoka kuwahudumia wagonjwa kutwa nzima, atazikuta mbio zake ni nzito kuliko jana. Akijiambia amekuwa mzembe, atakuwa amekosea chanzo. Siku kama hiyo inafaa mwendo mfupi na wa taratibu, na haifai kutumiwa kupimia uwezo wake.

Kwa nini kulifukuza wazo hakusaidii

Ushauri unaotolewa kwa wepesi ni huu: “Usifikirie hayo.” Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Ili kuhakikisha wazo halipo, akili hulazimika kulitafuta, na kulitafuta ni kuliita.

Mkimbiaji anayejiamuru asifikirie uchovu huwa na kazi mbili: kukimbia, na kulinda mlango. Kazi ya pili inachosha akili, na akili iliyochoka, kama ilivyoonekana Bangor, huifanya kazi ya kwanza kuwa nzito. Njia inayosaidia zaidi ni kuliacha wazo liingie, kulitambua, kisha kulijibu.

Njia za kulijibu

Ya kwanza ni kulitaja. Wazo likija, mkimbiaji hujiambia kimoyomoyo: “Hili ni lile wazo la siwezi.” Maneno hayo machache humweka mbali kidogo na wazo, kama mtu anayemtambua mgeni aliyebisha hodi kabla ya kuamua kumfungulia. Wengi hugundua kwamba wageni wao ni walewale watatu au wanne, na kwamba huja mahali palepale: kwenye mchanga, kwenye kilima, au karibu na kijiwe penye watu wengi.

Ya pili ni neno lililoandaliwa. Mwaka 2014, Anthony Blanchfield na wenzake, pia wa Bangor, walichapisha utafiti wa watu 24 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kuchagua maneno mafupi ya kujitia nguvu na kuyatumia mazoezini kwa wiki mbili. Muda wao wa kuendesha baiskeli hadi kushindwa uliongezeka kutoka wastani wa sekunde 637 hadi 751, yaani takriban asilimia 18, na kazi ileile ilionekana nyepesi zaidi kwao. Kundi lisilofundishwa halikupata ongezeko la maana. Maneno hayo hayakuwa na uchawi. Yalichaguliwa na mtumiaji mwenyewe, yalikuwa mafupi, na yalizoewa kabla ya siku ya mtihani.

Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, uliochapishwa mwaka 2019, uliongeza jambo dogo lenye manufaa. Wanaume 16 walioshindana na muda katika kilomita 10 za baiskeli walifanya vizuri zaidi walipojisemesha kama wanavyomsemesha mtu mwingine, “unaweza”, kuliko walipojisemea “naweza”. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya silabi moja tu mwanzoni mwa neno, na kila mmoja anaweza kuijaribu. Anayetaka aitumie lugha ya nyumbani, iwe Kinyamwezi, Kiha au Kisukuma, kwani neno alilotumia mama kumhimiza mtoto lina uzito kuliko neno lililokaririwa kitabuni. Neno lenyewe liwe linaloaminika. “Hujachoka” ni uongo, na mwili utaukataa. “Polepole, unakwenda” ni kweli.

Ya tatu ni kuigawa njia. Kilomita tano ni umbali unaotisha kwa anayeanza. Mwembe unaoonekana mbele hautishi. Mkimbiaji hukimbia hadi kwenye mwembe, kisha hadi kwenye makutano, kisha hadi kwenye tuta la reli. Kila kituo kikifikiwa, wazo la “siwezi” hukutana na ushahidi wa karibu unaolipinga.

Ya nne ni kurudi mwilini. Mwaka 1977, watafiti wa Marekani William Morgan na Michael Pollock waliandika kwamba wakimbiaji mahiri wa marathoni waliowachunguza walikuwa na mazoea ya kuusikiliza mwili: pumzi, misuli, mwendo. Wakimbiaji wa kawaida walipendelea kuipeleka akili mbali, kwa kuimba au kukumbuka mambo mengine. Njia zote mbili zina mahali pake. Katika mwendo mwepesi, wimbo na mazungumzo hufupisha njia. Mwendo unapokuwa mgumu, inafaa kukagua vitu vichache vinavyoweza kurekebishwa: je, mabega yamekunjamana? Je, ngumi zimekazwa? Je, pumzi inatolewa yote? Hata uso unahusika. Utafiti wa mwaka 2018 ulioongozwa na Noel Brick wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, uliona kwamba wakimbiaji walitumia oksijeni kidogo zaidi walipotabasamu kuliko walipokunja uso. Eliud Kipchoge wa Kenya amejulikana kwa kutabasamu kilomita za mwisho, wakati ambapo wengine hukunja uso.

Ya tano ni kupanga jibu mapema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia huwa na nguvu zaidi inapofungwa kwenye tukio mahususi. Badala ya kusema “nitajitahidi”, mtu hupanga: “Nikifika kwenye mchanga na wazo la kuacha likija, nitatembea hatua hamsini, kisha nitaendelea.” Kutembea kukiwa kumepangwa, hakuhesabiwi kuwa kushindwa.

Ya sita ni kutokuwa peke yako. Mawazo mengi yanayomvunja nguvu mkimbiaji yanahusu macho ya watu, na hili huwaelemea zaidi wanawake na wazee. Mwanamke mmoja akikimbia barabarani huulizwa anakimbilia wapi. Wanawake sita wakikimbia pamoja ni kikundi, na kikundi hakiulizwi swali hilo mara nyingi. Vikoba, kwaya na vikundi vya wagonjwa wa kliniki moja vinaweza kuwa mwanzo mzuri. Mwenye mwendo wa polepole zaidi atangulie kama kirangozi, ili mwendo umfae kila mmoja.

Mfano wa Akhwari na jinsi ya kuusoma

Mtanzania hawezi kuzungumzia nia katika mbio bila kumtaja John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, uliopo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, alianguka akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza.

Kisa hiki husimuliwa kama amri ya kuvumilia maumivu yoyote. Kwa mgonjwa, usomaji huo ni hatari. Kinachofaa kuchukuliwa ni swali ambalo Akhwari alikuwa na jibu lake: nimekuja kufanya nini? Yeye alikuwa amekuja kumaliza. Mwenye shinikizo la juu la damu anayekimbia Usoke amekuja kuishi miaka mingi akiwa na afya, akiwaona wajukuu. Kwake, kusimama mara kifua kinapobana ni kutimiza lengo hilohilo. Anayejua alichojia ana kipimo cha kupimia kila wazo: je, wazo hili linalinda kilichonileta, au linanipokonya?

Kwa upande wa subira, mfano wa karibu ni Alphonce Simbu. Alikuwa wa 5 katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, akapata medali ya shaba katika Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017, kisha ikapita miaka minane kabla ya dhahabu yake. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua kwamba Simbu ametangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Baada ya kilomita 42, mita za mwisho zilikuwa bado hazijaamuliwa.

Wazo linaposema kweli

Si kila wazo linalosema “simama” ni adui. Zipo dalili ambazo hazijibiwi kwa neno la kujitia nguvu. Mkimbiaji asimame na kutafuta huduma akipata maumivu au mgandamizo wa kifua, hasa unaosambaa mkononi, shingoni au tayani; kuzimia au kukaribia kuzimia; mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo; pumzi isiyotulia baada ya kupumzika; udhaifu wa upande mmoja wa mwili; kuchanganyikiwa wakati wa joto kali; au mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi. Maumivu ya kiungo yanayomfanya achechemee nayo ni sababu ya kusimama. Mwenye homa asikimbie kabla ya kupimwa malaria na kupona.

Kuna pia hali ambazo huonekana kama udhaifu wa nia, kumbe chanzo chake ni cha mwilini. Mhudumu wa afya anapaswa kuzikumbuka kabla ya kumwambia mtu ajikaze.

Mwanamke anayesema amekuwa mvivu, anayechoka kwa hatua chache, anaweza kuwa na upungufu wa damu. Apimwe wingi wa damu. Anayetumia dawa kama atenololi au propranololi atahisi miguu mizito na mapigo yake hayatapanda kama ya wenzake, kwa sababu dawa hizo hupunguza kasi ya moyo. Aelezwe hivyo mapema, asije akaacha dawa au mazoezi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, akipatwa na hofu ya ghafla, kutetemeka, jasho la baridi na njaa katikati ya njia, huenda sukari yake imeshuka. Atumie kitu chenye sukari mara moja, na kila anapotoka awe nacho mfukoni. Mwenye selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouathirika zaidi duniani, asianze mbio bila ushauri wa daktari, anywe maji ya kutosha na asijilazimishe kufika kikomo cha nguvu zake.

Njia ya kutenganisha hali hizo na kukata tamaa ni kuuliza, kisha kusikiliza hadi mwisho. Mazungumzo ya mfano kati ya muuguzi kijana na mama wa makamo yanaweza kuwa hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umesema moyo ulikataa. Ulikataaje, mama?”

“Ulikuwa unanidunda. Halafu nikasema basi, hizi ni kazi za vijana.”

“Pole sana. Ulipodunda, kifua kiliuma? Uliona kizunguzungu?”

“Hapana. Nilipotembea kidogo ulitulia. Kilichoniuma ni wale watoto wa shule. Walinicheka: bibi anafukuzwa na nani?”

Hapa maswali mawili yametosha kuonyesha njia. Mapigo yaliyotulia baada ya kutembea, bila maumivu wala kizunguzungu, yanaelekea kuwa mwitikio wa kawaida wa mazoezi. Bado shinikizo la damu litapimwa na mapigo yatasikilizwa, lakini kilichomrudisha nyumbani mama huyu ni aibu. Tiba yake ni mwenzake wa kukimbia naye, saa ambayo watoto hawajatoka kwenda shule, na mwendo wa polepole zaidi. Kama angesema kifua kilibana hadi mkononi, mazungumzo ya kujitia moyo yangesubiri, na uchunguzi wa moyo ungetangulia.

Mawazo yanayobaki mbio zikiisha

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema fulani “ana mawazo”, hakuna anayeuliza mawazo gani. Kila mmoja anaelewa kwamba ana huzuni au dhiki. Mawazo ya njiani kwa kawaida huyeyuka mkimbiaji anapooga na kunywa chai, na wengi hujisikia vizuri kuliko kabla ya kutoka. Yasipoyeyuka, yakadumu siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi, yakiandamana na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi mbovu, kukosa nguvu, kujiona hana thamani au kutamani kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Afike kituo cha afya, naye apokewe bila kuhukumiwa. Anayetamani kufa asiachwe peke yake, na apelekwe kupata msaada siku hiyohiyo.

Mazoezi yana nafasi katika matibabu ya sonona. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la BMJ, uliojumuisha tafiti 218 na washiriki zaidi ya 14,000, ulionyesha kwamba kutembea na kukimbia kwa mwendo mwepesi ni miongoni mwa mazoezi yaliyopunguza dalili zake kwa kiasi cha kuonekana. Mazoezi hayo huenda pamoja na ushauri nasaha na dawa pale zinapohitajika, na mgonjwa asiache dawa kwa kuwa ameanza kukimbia. Ikumbukwe pia kwamba sonona yenyewe huondoa hamu ya kutoka nje. Kumwambia mwenye sonona “nenda kakimbie” bila mtu wa kwenda naye ni kumwongezea jambo jingine la kujilaumu.

Wiki nne za mwanzo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayeanza asilenge huko siku ya kwanza. Akishapimwa na kuruhusiwa, atoke mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali. Atembee dakika tano, kisha abadilishane kukimbia polepole kwa dakika moja na kutembea kwa dakika mbili, hadi zitimie dakika ishirini. Wiki ya tatu aongeze kukimbia hadi dakika mbili, na wiki ya nne apunguze kutembea hadi dakika moja, ikiwa mwili unaruhusu.

Kipimo cha kasi ni mazungumzo. Anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, yuko kwenye mwendo wa wastani. Anayeshindwa kumaliza sentensi amekwenda mbio mno kwa wiki hizi, na huo ndio wakati ambapo wazo la “siwezi” humjia kwa nguvu zaidi. Apunguze mwendo kwanza. Mara nyingi wazo hupungua pamoja nao.

Kliniki nazo zinaweza kuongeza safu moja katika daftari la mgonjwa. Pamoja na shinikizo la damu, uzito na sukari, iandikwe: wazo gani lilikuja, lilikuja wapi, na mgonjwa alilijibu nini. Mgonjwa anayerudi na majibu ya maswali hayo matatu ameshaanza kuijua njia yake, na mhudumu anayeyasoma atajua kama mwezi ujao aongeze dakika, abadilishe dawa, amtafutie mgonjwa mwenzake wa kukimbia naye, au ampeleke kwa daktari wa moyo.